PES 6 ina makosa mengi, lakini angalau ni yako

Kuna kauli moja ambayo imenichosha masikio. Kauli yenyewe ni hii: "PES 6 ndiyo gemu bora ya kandanda iliyowahi kutengenezwa." Inasemwa na watu wazima wenye vitambi na mikopo ya benki, tena wanaisema wakiwa wamefumba macho kana kwamba wako ibadani. Ukiwauliza kwa nini, jibu ni moja tu: "Ah, wewe hukucheza enzi hizo." Jamani, hiyo si hoja. Hayo ni machozi.

Upande wa pili kuna vijana wanaoiona kwenye runinga ya kaka yao na kucheka. Nyuso zimechongwa kwa shoka! Watazamaji ni makaratasi! Wachezaji wanakata kona kama matatu iliyofeli breki! Hiyo nayo si hoja. Mimi ninakula kwa kuandika programu, na programu hatuipimi kwa machozi wala kwa urembo wa picha. Tunauliza inafanya nini, inakosea wapi, na ikikosea ni nani mwenye uwezo wa kuirekebisha.

Hilo swali la mwisho ndilo lililonifanya nikae chini kuandika. Nitaitetea PES 6, lakini kwanza nitaichapa, kwa sababu wanaoitetea wamezoea kuificha makosa yake, na makosa yake ndiyo ushahidi wangu mkubwa.

Kwa asiyeijua: Pro Evolution Soccer 6 ilitolewa na kampuni ya Konami ya Japani. Ulaya iliipata Oktoba 2006 kwa PlayStation 2, Xbox 360 na kompyuta za Windows. Toleo lake la Japani, Winning Eleven 10, lilikuwa limetangulia Aprili mwaka huo huo, na Wamarekani waliisubiri hadi Februari 2007. Aliyeongoza utengenezaji ni Shingo Takatsuka, ambaye mashabiki wanamjua kwa jina la utani, Seabass. Mashine iliyoibeba zaidi, PS2, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 32. Naam, 32. Picha moja unayopiga leo kwa simu inaweza kukaribia robo ya hapo. Ndani ya hizo 32 kulikuwa na wachezaji 22, refa, uwanja, mvua, sauti za Peter Brackley na Trevor Brooking, na akili ya kompyuta ya kuwaendesha wote ambao wewe huwagusi.

Haya, tuanze na viboko.

Mwendo wa mchezaji mwenye mpira ni wa pande nane. Mbele, nyuma, kulia, kushoto, na pembe nne za katikati, basi. Ukitaka kwenda upande ulio kati ya mbele na pembe, huendi. Unapiga zigizagi kama mlevi anayetafuta mlango. FIFA 10, mwaka 2009, ilipoleta chenga za nyuzi 360 ndipo wengi walipotambua kwamba walikuwa wakicheza katika kizuizi. Wapo wanaodai kwamba pande nane "zilikuwa na nidhamu". Sikatai kwamba binadamu huizoea hata pingu, lakini pingu haiwi bangili.

Pili, pasi ya kupenya ya juu. Kila aliyewahi kushika pedi anaijua: L1 na pembetatu. Mpira unapaa juu ya mabeki, mabeki wanageuka polepole kama lori la saruji, na mshambulizi wako mwenye kasi ameshafika. Ukiwa na mtu wa mbio mbele na kiungo mwenye pasi ndefu nzuri, kandanda imekwisha, imebaki hesabu. Beki anayedhibitiwa na kompyuta hajui kurudi nyuma mapema. Anangoja mpira upite kichwani ndipo agundue kuna hatari. Kwa mtu wa programu hili linasomeka wazi: uamuzi wa beki unafuata mahali mpira ulipo, haufuati mahali unapokwenda.

Tatu, Adriano. Nani asiyemjua Adriano wa Inter? Katika gemu hii nguvu ya mkwaju wake ni 99 kwa kipimo kinachoishia 99, kwa mguu wa kushoto. Ukimpa mpira mita 30 kutoka langoni, geuka, jaza mshale wa nguvu, funga macho. Kipa ataupangua, na akiupangua atauweka miguuni mwa mtu wako wa pili. (Makipa wa PES 6 wana huruma ya ajabu: hawapendi kuutoa mpira nje.) Mtu aliyejifunza gemu kwa miezi sita na mtu aliyeingia jana wanaweza kuishia sare kwa sababu huyu wa jana alichagua Inter. Katika ubunifu wa gemu hilo ni kosa la mizani, na ni kosa kubwa.

Nne, kubadilisha mchezaji wakati wa kukaba. Unabonyeza L1 ili umpate beki aliye karibu na hatari, gemu inakupa winga aliye kule karibu na kibendera. Unabonyeza tena, inakupa beki wa upande mwingine. Kufikia hapo tayari wavu unatikisika na mwenzako anacheza ngoma mbele ya runinga.

Halafu majina. Konami hawakuwa na leseni za kutosha. Ligi kuu ya Uingereza walipata klabu mbili tu, Arsenal na Manchester United. Chelsea ilikuwa "London FC", Liverpool ilikuwa "Merseyside Red", Manchester City ilikuwa "Man Blue". Ujerumani walinyang'anywa Bundesliga karibu yote, ikabaki Bayern Munich peke yake kama yatima. Wakati huo huo FIFA 07 ya EA ilikuwa na ligi tele zenye majina, jezi na nembo za kweli. Kwa nchi kama yetu, ambapo mtu anaweza kukosa chakula cha jioni lakini asikose mechi ya Jumamosi, kumpa shabiki wa Liverpool timu inayoitwa Merseyside Red ilikuwa kama kumwita kwa jina la jirani yake.

Na Harambee Stars? Haimo kabisa. Miaka miwili tu kabla, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 kule Tunisia, nahodha wetu alikuwa Musa Otieno na Kenya ikaipiga Burkina Faso 3-0, ushindi wetu wa kwanza katika fainali hizo. Waliotengeneza gemu waliona Angola, waliona Togo (zote mbili zilikwenda Kombe la Dunia 2006, haki yao), Kenya hawakuiona.

Kwa hiyo tusidanganyane. Mtu akiniambia gemu hii haina kasoro namuuliza kama aliicheza au alisimuliwa.

Sasa nguvu zake, na hapa nitaomba uvumilivu kidogo kwa sababu kuna mambo ambayo kwenye skrini hayaonekani.

La kwanza ni mpira wenyewe. Katika gemu nyingi za zamani mpira ulikuwa kama umefungwa kwa kamba kwenye kiatu. Katika PES 6 mpira ni kitu kinachojitegemea. Una kasi yake na mwelekeo wake, na mchezaji inabidi aufikie. Akiupokea akiwa anakimbia, unamtangulia. Akiupokea akiwa ameupa lango mgongo na beki anamsukuma, unamponyoka. Mguso wa kwanza wa mchezaji hodari ni tofauti na wa mchezaji duni, na tofauti hiyo inatoka kwenye nambari. Kila mchezaji ana uwezo 26 uliopimwa hadi 99: mizani ya mwili, kasi ya juu, kuchomoka, wepesi wa kugeuka, usahihi wa pasi fupi, kasi ya pasi hiyo hiyo (vitu viwili tofauti!), kupinda mpira, kuruka, na kadhalika.

Nambari peke yake si ajabu, hata gemu mbovu zina nambari. Ajabu ni kwamba hizi unazihisi vidoleni. Mchukue kiungo mwenye usahihi mzuri wa pasi lakini kasi ndogo ya pasi: mpira unafika alipokusudia, lakini unafika umechelewa na adui ameshautangulia. Hujaambiwa na maandishi yoyote, umeijua kwa kupoteza mpira. Hivyo ndivyo programu nzuri inavyofundisha. Gemu za leo zimejaza skrini vishale na vidirisha vya kukueleza kitu ambacho hii ilikueleza kwa kukuadhibu.

La pili ni ile mishale ya hali ya mchezaji. Kabla ya mechi kila mmoja ana mshale. Mwekundu unaotazama juu maana yake leo ameamka vizuri, unaotazama chini maana yake amekesha disko. Ni nambari ya nasibu tu nyuma ya pazia, mistari michache ya msimbo. Lakini angalia ilichofanya: ilikulazimisha kumweka benchi nyota wako na kumwingiza mtu ambaye jina lake huwezi kulitamka. Ilikufanya uwe kocha bila kukupa somo la ukocha. Ningekuwa nafundisha wanafunzi kubuni programu ningeanza na mshale huo, kwa sababu ni nadra kupata faida kubwa hivyo kwa gharama ndogo hivyo.

Na Master League! Unaanza na kikosi cha watu wasiokuwepo duniani, Castolo, Minanda, Ximelez, Espimas, na kipa Ivarov ambaye Mungu anamjua. Ni wazito, wanachoka mapema, wanakosa mabao ya wazi. Unapata pointi kwa kushinda, unanunua mtu mmoja, unashindwa kulipa mishahara, unauza, unaanza upya. Nawajua watu waliokataa kumuuza Castolo hata walipopata washambulizi watatu bora kuliko yeye. Hakuna leseni inayoweza kununua hilo. Tena kumbuka kulikuwa na duka ndani ya gemu hii, PES Shop, lenye wachezaji wa zamani na hata kiwango cha ugumu cha nyota sita. Sarafu ya duka hilo ilikuwa pointi za kucheza. Hapakuwa na mahali pa kuandika nambari ya kadi ya benki.

Hadi hapa waumini wa PES 6 wanatabasamu. Wasubiri. Yote niliyoyasifu yangeweza kupitwa, na mengine yamepitwa. Fizikia ya mpira leo ni bora. Miondoko ni bora mara elfu. Nikipima mchezo kwa mchezo, uwanjani tu, sitaapa kwamba PES 6 inashinda kila iliyokuja baada yake. Jambo ambalo halijapitwa, na kwa kweli limerudishwa nyuma kwa makusudi, ni faili.

Kwenye PS2 mabadiliko yako yote yaliingia kwenye faili moja iliyokaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8: majina ya timu, majina ya wachezaji, jezi, nembo, uhamisho. Kwenye Windows faili hiyo inaitwa KONAMI-WIN32PES6OPT. Kupitia sehemu ya uhariri uliweza kuondoa "Merseyside Red" na kuandika Liverpool, kuchora nembo kwa nukta moja moja, kuumba mchezaji kuanzia urefu hadi mtindo wa nywele. Kulikuwa na kundi zima la timu za bandia zisizo na mwenyewe, zimekaa hapo kama viwanja visivyo na hati. Ukitaka Gor Mahia unaijenga. Ukitaka AFC Leopards ili Gor wapate wa kumfunga (au wa kufungwa naye, nisije nikapigwa mawe), unaijenga pia. Ukitaka Musa Otieno beki wa kati mwenye uongozi wa kutosha kuwanyamazisha Wazungu, kaa jioni mbili na pedi, atapatikana.

Basi tazama mambo yalivyojipanga. Udhaifu mkubwa wa gemu, ukosefu wa leseni, uligeuka kuwa kazi ya watu. Mtu mmoja Ulaya alikaa akasahihisha ligi nzima, akaitoa bure, na mtu mwingine akaibeba kwa flashi. Na kwenye kompyuta wakaenda mbali zaidi. Kuna programu inayoitwa Kitserver, iliyoandikwa na mashabiki, ambayo hujipenyeza kati ya gemu na Direct3D, yaani ile tabaka ya Windows inayochora picha. Gemu inapoomba jezi yake, Kitserver inaipa jezi nyingine kutoka kwenye folda yako. Faili za gemu zenyewe hazijaguswa. Kwa wanaojifunza kuandika programu, tafuteni maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, ni shule ya bure.

Hata seva! Seva za Konami za kuchezea PES 6 mtandaoni zilishafungwa siku nyingi. Hadithi ilipaswa kuishia hapo. Lakini mashabiki walichunguza mazungumzo kati ya gemu na seva, ujumbe kwa ujumbe, wakaandika seva yao wenyewe kwa Python. Inaitwa Sixserver. Kampuni ilizima taa, watu wakawasha koroboi, mechi zikaendelea.

Na zile kasoro zisizoweza kurekebishwa kwa faili? Hizo ziliwekewa sheria. Kwenye vibanda vya gemu vya mitaani, ambako unalipa shilingi chache kwa mechi na anayefungwa ndiye anayenyanyuka, kulikuwa na katiba ambayo haikuandikwa popote. Hakuna kuchukua Inter. Au: ukichukua Inter, Adriano anakaa benchi. Hakuna pasi ya kupenya ya juu zaidi ya mara kadhaa. Hakuna kurudisha mpira kwa kipa ukiongoza. Kila kibanda na katiba yake, na mwenye kibanda ndiye jaji mkuu. Hilo liliwezekana kwa sababu kasoro haikuhama! Kosa lilikuwa mahali pale pale Jumatatu na Jumapili, mwaka 2006 na mwaka 2012. Mkijua shimo liko wapi barabarani mnakubaliana jinsi ya kulizunguka. Shimo likihamishwa kila Alhamisi na mtu asiyewajua, mtakubaliana nini?

Sasa linganisha na tunachouziwa leo.

EA walianzisha Ultimate Team kama nyongeza ya FIFA 09 mnamo Machi 2009. Unafungua pakiti ya wachezaji bila kujua ndani kuna nani, na pakiti unaweza kuinunua kwa pesa halisi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 kampuni hiyo ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na Ultimate Team katika gemu zake, sehemu kubwa ikiwa ni FIFA. Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba pakiti za kununua kwa pesa ni kamari, na EA ikaacha kuuza FIFA Points huko mwisho wa Januari 2019. Uholanzi nayo ilitaka kuitoza faini ya yuro milioni 10, lakini mahakama ya juu ya utawala ikaifuta faini hiyo Machi 2022. Kwa hiyo wanasheria hawajakubaliana. Mimi si mwanasheria, ila najua kijana anayetuma pesa kwa simu usiku wa manane ili apate mshambulizi ambaye mwaka ujao, gemu mpya ikitoka, ataanza kumtafuta upya, anafanya kitu kinachofanana sana na kile ambacho mjomba wake anafanya kwenye kampuni za kubashiri.

Na Konami hao hao tunaowasifu? Tarehe 30 Septemba 2021 walitoa eFootball 2022, gemu ya bure ya kupakua. Wachezaji wakaonekana na nyuso zilizopinda kama zimekaliwa, mpira ukapita katikati ya miguu ya watu, na kwenye Steam ikawa miongoni mwa gemu zilizokashifiwa kuliko zote katika historia ya duka hilo. Siku iliyofuata kampuni ikaomba radhi. Makosa ya kawaida ya programu hayo, yanatokea, na yalipunguzwa polepole. Linaloniudhi ni jingine: safari hii watu hawakuweza kusaidia kama zamani. Hakuna faili ya kukaa nayo jioni mbili. Kikosi chako kiko kwenye seva yao. Kasoro ni yao, ratiba ya kuirekebisha ni yao, na wewe ni mpangaji ambaye haruhusiwi hata kupigilia msumari ukutani.

Mpangaji pia hufukuzwa. EA walipoachana na jina la FIFA na kuzindua EA Sports FC 24 Septemba 2023, gemu za FIFA za miaka ya nyuma ziliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekuwa amenunua alibaki nayo, ndiyo, lakini kijana atakayetaka kuijaribu FIFA 23 mwaka 2030 ataitafuta diski kama watu wanavyotafuta kanda za muziki Gikomba. Akiipata, ile sehemu iliyoingiza mabilioni itakuwa mlango uliofungwa seva zikizimwa.

Najua kuna mtu amenisubiri hapa na rungu. "Wewe unayehubiri umiliki, zile diski za vibandani zilikuwa halali? Nani alimlipa Seabass?" Swali zuri na sitalikimbia. Nyingi zilikuwa nakala, zilizochomwa na kuuzwa kwa bei ya soda, kwenye mashine zilizowekwa chipu. Konami haikuona senti. Mtu anayeishi kwa kuandika programu hawezi kulifurahia hilo, na silifurahii. Lakini fuata hoja hadi mwisho. Wanaosema seva na pakiti ni dawa ya wizi wanasahau kwamba wanaoumia na dawa hiyo ni wale waliolipa. Mwizi hakununua pakiti. Aliyenunua kihalali ndiye anayeambiwa kikosi chake kimeisha muda. Kuna njia nyingine ambazo wenzetu wengi wanaishi nazo: uza gemu nzima kwa bei inayolingana na mifuko ya hapa, iache icheze bila mtandao, acha data yake ifunguke. Hiyo si ndoto, gemu nyingi ndogo za kompyuta zinauzwa hivyo leo na watengenezaji wake wanakula.

Na leseni? "Leseni ni ghali, lazima pesa zitoke mahali." Kweli ni ghali. Lakini PES 6 ilionyesha kwamba gemu isiyo na leseni haifi, mradi tu umemwachia mchezaji kalamu. Toleo lililopaswa kuwa la kisasa zaidi wakati ule, la Xbox 360, lilikuwa na picha safi kuliko za PS2 lakini sehemu yake ya uhariri ilikatwakatwa. Picha zikapanda, kalamu ikanyang'anywa. Ukitaka kujua ni lini hasa njia ilianza kupinda, mimi ninaiona hapo hapo, mwaka 2006, kwenye jalada lenye jina hilo hilo.

Haya maneno nawaelekezea zaidi wenzangu wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na kwingineko wanaotengeneza gemu za simu siku hizi. Nimeona kazi zenu kadhaa na vipaji vipo. Lakini karibu kila mpango ninaoonyeshwa unaanza na sarafu, pakiti, na seva ya kuhifadhi kila kitu, hata gemu ikiwa ni ya kupiga penalti dhidi ya kompyuta! Kijana wa Lodwar anayenunua bando la siku moja anahitaji seva ya nini ili apige penalti? Mwekee faili kwenye simu yake. Mwache aandike majina ya wachezaji wa timu ya kijiji chake. Mkikosea mizani mkampa mtu mmoja nguvu ya 99, usiogope, watamwekea sheria wenyewe.

Ikiwa bado una PES 6 kwenye kompyuta, fungua Documents, kisha KONAMI, kisha Pro Evolution Soccer 6, kisha save, kisha folder1. Humo ndimo ilimo ile faili ya OPT pamoja na Master League yako. Nakili folda yote, nakala moja iweke kwenye flashi, nyingine mpe mtu anayekaa mtaa mwingine. Wa memori kadi za PS2, kuna vifaa vya bei nafuu vya kuisomea kwenye kompyuta, na zile kadi zimezeeka, zikifa hazirudi. Fanya wikendi hii. Adriano mwache benchi.